Maoni Yafike Kabla ya Kifusi: Jinsi Mtaa wa Dar es Salaam Unavyoweza Kulinda Eneo Lake la Wazi

Wakazi wa Dar es Salaam hawajawahi kunyamaza kuhusu maeneo yao ya wazi. Wanasema kijiweni, wanasema kwenye daladala, wanapiga simu redioni, wanalalamika kwa mjumbe. Ila maneno hayo mara nyingi hayaingii kwenye muhtasari wowote, au yanaingia wakati msingi umeshamwagwa zege. Kwa wanaofanya kazi na kamati za mitaa, wapima na maafisa mipango miji, jambo hili linajirudia mno: maoni ya mkazi yanapata uzito yakiwa na namba ya kiwanja, tarehe na saini, na yakifika mezani kabla mchoro haujapitishwa. Maoni yale yale yakichelewa miezi sita yanaitwa malalamiko, na malalamiko yana foleni ndefu.

Ukubwa wa jiji lenyewe unaeleza kwa nini kila mita ya ardhi ina mtu anayeitolea macho. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka 10, na wengi wao wamejenga au wamepanga kwenye maeneo ambayo hayakuwa yamepimwa. Mipango mikuu ya jiji ilikuwepo, wa 1949, wa 1968 na wa 1979, lakini kati ya huo wa mwisho na mpango mkuu wa 2016 hadi 2036 pana zaidi ya miongo mitatu ambayo makazi yalitangulia na ramani ikafuata nyuma.

Tazama Mnazi Mmoja. Wakoloni waliliacha eneo lile wazi kwa nia mbaya, liwe mpaka kati ya Uhindini na makazi ya Waafrika upande wa Kariakoo. Leo ni mahali pa mikutano, sherehe na mapumziko, na kila mtu jijini analijua kwa jina. Sasa tazama vieneo vidogo vilivyochorwa katikati ya vitalu vya Sinza na Kijitonyama katika mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970. Vingi havikupewa jina, havikupewa kazi, na kwenye mchoro vimeandikwa tu kuwa ni eneo la wazi. Vingi kati ya hivyo vimegeuka baa, gereji, ukumbi au nyumba ya mtu. Kwa maoni yangu jina ni kinga ya kwanza. Eneo linaloitwa "Uwanja wa Mwembeni", lenye mechi ya watoto kila Jumamosi, ni gumu kumega kuliko kipande ambacho watu wanakiita "pale pori la nyuma ya dukani". Kamati ya mtaa inaweza kulipatia eneo jina ndani ya kikao kimoja, jina likaingia kwenye muhtasari na likatumika katika kila barua inayofuata.

Kupotea kwa eneo kuna hatua zake, na hazitofautiani sana kutoka Temeke hadi Kinondoni. Hatua ya kwanza ni kifusi. Lori linamwaga udongo au mabaki ya ujenzi usiku au alfajiri, na mwenye lori akiulizwa anasema anasaidia kufukia madimbwi. Kifusi hicho kinainua ardhi kwa sentimita 30 au 50, maji ya mvua yanahamia kwa majirani, na eneo linaanza kuonekana halifai kuchezea. Kisha linakuja kontena au kibanda cha mlinzi. Kisha uzio wa mabati. Nyuma ya mabati ndiko msingi unakochimbwa, na siku mabati yanapoondolewa ukuta wa tofali umeshafika kwenye linta, juu ya madirisha. Kuanzia kifusi hadi linta inaweza kuchukua wiki chache tu, hasa sikukuu zikiwa zimekaribiana na ofisi zimefungwa. Kwa hiyo kifusi ndicho king'ora. Mtaa unaosubiri kuona tofali umeshapoteza muda wake wa maana.

Njia ya pili ya kupoteza eneo ni ya taratibu, na ndiyo ninayoiogopa zaidi: kibali cha muda. Mtu anaomba kuweka banda la kuoshea magari "kwa miezi sita", au kikundi kinaomba hema la ibada, au fundi anaomba kivuli. Ofisi ya mtaa inapata mchango kidogo, hakuna anayedhurika, na tarehe ya mwisho wa kibali haiandikwi popote. Miaka mitatu baadaye banda lina umeme, lina maji, na mwenye banda anadai fidia. Kama mtaa unaamua kumruhusu mtu, karatasi iseme tarehe ya kuanza na ya kuisha, ukubwa wa eneo kwa mita, marufuku ya kujenga kwa tofali au zege, na kwamba mkutano mkuu wa mtaa ndio wenye uamuzi wa kuongeza muda. Mwenyekiti peke yake asiwe na mamlaka hayo, hata akiwa mtu mwema.

Na kuna jambo ambalo watu wanaona aibu kulisema: majengo ya umma nayo yanakula maeneo ya umma. Ofisi ya serikali ya mtaa, kituo kidogo cha polisi, kisima na tangi, zahanati. Vyote vinahitajika, na kwa kuwa ardhi nyingine inalipiwa fidia, macho yanageukia uwanja. Swali la kuuliza kwenye mkutano lisiwe kama zahanati ni nzuri. Ulizeni itachukua mita ngapi, itakaa upande gani, magari yatapita wapi, na kipande kitakachobaki kitatosha nini. Jengo likisogezwa pembeni likapakana na barabara, uwanja unaweza kubaki mzima. Likiwekwa katikati, kinachobaki ni vichochoro vinne visivyofaa kitu.

Sasa kwenye karatasi. Kabla ya kuitisha mkutano au kuandika barua, kamati ijue eneo limeandikwaje. Kuna nyaraka mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni mchoro wa mipango miji, unaoonyesha matumizi: makazi, biashara, shule, eneo la wazi, hifadhi ya barabara. Ya pili ni ramani ya upimaji, inayoonyesha mipaka kamili, namba za viwanja na namba za bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa ardhini. Eneo linaweza kuwa limechorwa kama la wazi na lisiwe limepimwa. Hapo ndipo udhaifu ulipo, kwa sababu mtu anaweza kuomba lipimwe kwa matumizi mengine. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri yako, iwe Jiji la Dar es Salaam (ambalo tangu 2021 ndilo lililokuwa Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, ukiwa na jina la mtaa, kitalu na namba ya kiwanja cha jirani yeyote anayepakana na eneo. Namba ya kiwanja cha jirani ndiyo ufunguo, kwa kuwa eneo la wazi lenyewe mara nyingi halina namba ambayo watu wanaijua. Omba kuona mchoro wenyewe, andika namba yake na tarehe ulipoidhinishwa, na uliza kama kuna mchoro mpya uliofuta ule wa zamani. Swali hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Watu wanakuja na nakala ya mchoro wa zamani wakiwa na uhakika wa ushindi, kumbe matumizi yalishabadilishwa na hakuna aliyewaambia.

Kama mlango unafungwa, ombeni taarifa kwa maandishi mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 30 za kujibu. Ombi liwe la raia mwenye jina na anwani, na litaje waraka mmoja mmoja. Ukiandika "tunaomba taarifa zote za eneo letu" utajibiwa kwa ujumla, au hutajibiwa. Pia lipieni upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa hati ili kujua kama kuna hati iliyotolewa juu ya kipande hicho. Kama hakuna hati, mazungumzo yako ni na halmashauri. Kama ipo, safari inakuwa ndefu, maana kubatilisha miliki ni jambo linalopanda hadi kwa Rais kupitia Kamishna wa Ardhi.

Bikoni zinastahili maneno yake. Ni zege dogo lenye chuma katikati na namba, mara nyingi limefukiwa na mchanga au limegeuzwa jiwe la kukalia. Tembeeni mpaka wa eneo mkiwa na nakala ya ramani na futi kamba ya mita 50, mzitafute moja moja, mzipige picha namba ikionekana, na mzipake rangi nyeupe. Iliyong'olewa msiirudishe wenyewe. Kurudisha bikoni ni kazi ya mpima, na ukiiweka kwa kukisia umempa mpinzani wako hoja kwamba mipaka imechezewa. GPS ya simu itumike kuonyesha eneo liko wapi, basi. Inaweza kukosea mita 5 au zaidi kwenye nyumba zilizobanana, na mita 5 ni chumba na choo.

Kwenye mitaa ambayo haikupimwa, nafasi ya kusema iko kwenye urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi ambayo watu wameshayajenga. Kampuni au halmashauri inapiga picha ya makazi yalivyo, inachora rasimu, na rasimu inabandikwa au kuwekwa wazi ofisi ya mtaa. Mkazi anaingia, anatafuta nyumba yake, anahakikisha jina limeandikwa vizuri, anaondoka. Hapo ndipo mtaa unapopoteza. Sehemu ya kukaguliwa kwa makini ni ile isiyo na jina la mtu: njia, mifereji, viwanja vya mpira, makaburi, kisima, mahali pa taka. Kila nafasi tupu kwenye rasimu iulizwe matumizi yake, na jibu liandikwe juu ya mchoro wenyewe. Nafasi isiyoandikwa kitu itapata mwenyewe.

Kwenye rasimu hiyo hiyo pimeni njia. Gari la zimamoto lina upana wa takriban mita 2.5, na linahitaji nafasi ya kufungua milango na kutandaza mipira ya maji, kwa hiyo njia ya mita 3 yenye ngazi za baraza zilizotokeza ni njia ya kwenye karatasi tu. Hapa maoni yanakuwa magumu kwa sababu yanagusa ukuta wa mtu. Kinachofanya kazi ni kukubaliana kwa njia nzima kwa pamoja: kila mwenye nyumba pande zote mbili anatoa kiasi kile kile, tuseme nusu mita, na wote wanasaini karatasi moja siku moja. Mkianza kuombana nyumba kwa nyumba, wa tatu anakataa na wawili wa kwanza wanarudisha ukuta.

Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, wenye nyumba na wapangaji. Lisemwe wazi mwanzoni mwa kikao, maana mpangaji akiambiwa "wewe ni mpita njia" anakaa kimya, na mpangaji ndiye mwenye chumba kimoja na watoto watatu wasio na pa kuchezea. Mwenye nyumba anaweza kuliona eneo la wazi kama pa kuegesha gari. Wote wawili ni wakazi. Mkutano ukifanyika Jumatano saa 4 asubuhi watakuja wazee na wasio na kazi siku hiyo. Mama lishe, bodaboda na wafanyakazi wa viwandani hawatakuwepo. Jumapili kuanzia saa 10 jioni inapata watu wengi zaidi, ila kwa wenye vibanda pitieni vibandani kwao, kwa kuwa hawatafunga biashara kuja kukaa kwenye viti vya plastiki.

Msiulize "mnataka nini hapa?" Swali hilo linazaa orodha: bwawa la kuogelea, ukumbi, maktaba, maduka, na mwisho wake hakuna kinachojengwa na watu wanaona wamedanganywa. Ulizeni: unalitumia eneo hili saa ngapi, kwa kazi gani, na nini kinakuzuia kulitumia zaidi? Majibu yanakuwa ya kushikika. Wasichana wanasema hawapiti baada ya saa 1 usiku kwa sababu kona ya nyuma ina giza na vijana wanavuta bangi. Wazee wanasema hakuna pa kukaa. Mama lishe anasema maji machafu hana pa kumwaga, kwa hiyo anamwaga kwenye mfereji. Kila jibu la namna hii lina dawa inayojulikana na bei inayojulikana.

Kisha hesabuni. Vijana wawili, daftari, kalamu, kivuli. Siku mbili za kazi na siku moja ya wikiendi, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku. Kila saa, kwa dakika 10, waandike waliopo: watoto, wanawake, wanaume, wazee, na wanafanya nini, wanapita, wanacheza, wanauza, wamekaa. Jedwali hilo la kurasa tatu limeokoa hoja nyingi, kwa sababu mtu anayetaka eneo huja na sentensi moja kwamba "lile eneo halitumiki". Ukiweka mezani kwamba kati ya saa 10 na saa 12 jioni wapo watoto kadhaa kila mara, na kwamba njia ya kwenda shule inalikata eneo hilo, ile sentensi inakosa miguu.

Kuna matumizi ambayo wachoraji huyasahau na kila mkazi wa uswahilini anayajua: msiba na harusi. Nyumba zimebanana, ua haupo, turubai linahitaji mahali pa kusimama kwa siku mbili tatu, na viti, na sufuria za ubwabwa. Bila eneo la wazi, msiba unafunga barabara. Daladala zinazunguka, gari la wagonjwa linakwama, ugomvi unaanza. Andikeni matumizi haya kwenye maoni yenu waziwazi, na kwenye usanifu muache kipande tambarare cha angalau mita 10 kwa 20 kisicho na mti wala benchi katikati.

Wafanyabiashara wadogo nao msiwaache nje ya hesabu. Oktoba 2021 machinga waliondolewa pembezoni mwa barabara na kwenye njia za waenda kwa miguu, na kila mtaa uliona matokeo yake: baadhi walihamia kwenye maeneo ya wazi ya ndani, kwa kuwa wateja wako kwenye njia wanazopita watu. Ukiwafukuza wote, eneo linakuwa tupu usiku na wahuni wanalichukua. Ukiwaacha wote, hakuna uwanja. Mpango unaodumu ni wa meza zinazohamishika kwenye ukingo mmoja tu, ule unaopakana na njia, zenye mstari uliochorwa chini kwa rangi, na kila mwenye meza kusafisha mbele yake. Mwanamke anayekaanga mihogo hadi saa 3 usiku analifanya eneo liwe salama kuliko taa peke yake.

Barua ya maoni au pingamizi isizidi kurasa mbili. Iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa Afisa Mipango Miji, Mtendaji wa Kata, Diwani na Kamishna wa Ardhi Msaidizi wa Mkoa. Aya ya kwanza itaje jina la eneo, kitalu, namba ya mchoro na matumizi yaliyoandikwa. Ya pili iseme kinachofanyika au kinachoombwa, na tarehe kilipoonekana. Ya tatu iseme wakazi wanaomba nini hasa: kusimamisha ujenzi, kukataa kubadili matumizi, au kupima eneo na kuliwekea bikoni. Viambatisho ni muhtasari wa mkutano, orodha ya mahudhurio yenye saini, jedwali la hesabu na picha nne au tano zenye tarehe. Nakala yenu igongwe muhuri wa mapokezi. Bila muhuri barua hiyo haikuwahi kufika, na ndivyo mtakavyoambiwa. Pale panapobandikwa tangazo la kubadili matumizi ya ardhi, tangazo lenyewe linataja muda wa kupokea pingamizi. Hesabuni kutoka tarehe ya tangazo, maana siku mliyoliona inaweza kuwa imechelewa, na pelekeni barua siku kadhaa kabla ya mwisho. Diwani apewe nakala yake mapema, kwa kuwa suala linapita kwenye kamati ya halmashauri inayoshughulikia mipango miji kabla ya kufika Baraza la Madiwani, na diwani asiye na karatasi mkononi atakaa kimya kikaoni.

Bonde la Msimbazi linaonyesha maoni ya wakazi yakipewa muda na yakiwa na ushahidi yanafika wapi. Mto unatoka milima ya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander, na kila mvua kubwa barabara ya Jangwani inafungwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuhamisha familia nyingi kwenda Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwaweka wanafunzi wa vyuo na wakazi pamoja kuchora mitaa, mifereji na nyumba kata kwa kata, na ramani ikawekwa wazi kwa yeyote. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida sana: mtu anatembea na simu, anapima upana na kina cha mfereji, anaandika kama ni wa zege au wa udongo, kama umeziba na umeziba na nini, na anamuuliza mkazi maji yalifika wapi ukutani. Mwaka 2018 warsha za pamoja kuhusu bonde hilo zilikutanisha serikali, wataalamu na wakazi, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa kuliendeleza, likiwemo daraja jipya Jangwani na bustani ya jiji katika bonde. Alama ya maji ukutani, iliyopimwa kwa sentimita na kuandikwa tarehe, ni maoni ambayo mhandisi hawezi kuyapuuza. Fanyeni hivyo hata kama mtaa wenu hauko Msimbazi: baada ya kila mvua kubwa, picha ya alama hiyo pamoja na rula.

Na kwa wanaopakana na mto au bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo. Kifungu hicho kinakata pande zote mbili. Kinawapa nguvu dhidi ya anayejaza kifusi mtoni, na kinawaweka hatarini majirani wenu waliojenga humo miaka 20 iliyopita. Kamati inayokitaja iwe imezungumza kwanza na kaya hizo.

Eneo likishathibitishwa, lifanyiwe kazi mara moja, hata kwa kidogo. Mpaka usiwe ukuta. Ukuta unaficha uchafu na unampa mtu wazo la geti. Nguzo fupi za zege, urefu wa sentimita 80 juu ya ardhi, zikiachana mita 1.2, zinazuia gari na bajaji (bajaji ina upana wa kama mita 1.3) lakini kiti cha magurudumu kinapita. Pikipiki nazo zitapita, na kwa hilo dawa ni makubaliano na kijiwe cha bodaboda, hakuna nguzo itakayowazuia. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, wa kikapu mita 28 kwa 15, na chandimu ya watano kwa watano inatosha mita 40 kwa 20. Kila upande ongezeni mita 3 za usalama. Msiligeuze eneo lote la nusu ekari kuwa uwanja wa mpira. Vijana wa kiume watauchukua wote na wengine hawatarudi.

Miti ipandwe masika yakianza, Machi, kwenye mashimo ya sentimita 60 kila upande, ikiachana mita 8 hadi 10, upande wa magharibi wa mabenchi ili kivuli cha jioni kiangukie kwenye viti. Mkungu una kivuli kizuri na unavumilia chumvi ya pwani. Mwarobaini unavumilia ukame. Miti yote iwe mita 5 au zaidi kutoka kwenye karo la choo. Kiangazi cha kwanza, Juni hadi Septemba, kila mche upate ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, na kila mche uwe na kaya moja iliyokubali kwa jina. Miche mingi inakufa Julai, kwa sababu siku ya kupanda walikuwepo watu 100 na kamera, na siku ya kumwagilia hakuna mtu.

Taa za sola ziwekwe mita 5 au 6 juu na betri ziwe juu huko huko. Betri iliyowekwa chini inaibwa. Hesabuni tangu mwanzo kwamba betri itahitaji kubadilishwa baada ya miaka michache, na fedha yake ikusanywe kidogo kidogo kutoka kwenye meza za biashara na mabonanza. Fedha hizo zikae benki kwa watia saini watatu, na mapato na matumizi yabandikwe ukutani ofisi ya mtaa kila mwezi, labda Jumamosi ya mwisho ambayo watu wanakutana kwa usafi. Mtaa ambao hesabu zake haziko ukutani utaacha kuchangia, hata kama hakuna aliyeiba.

Yote yakishindikana, mahakama ipo, ila ijulikane ilivyo. Kuishtaki halmashauri kunahitaji kwanza notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya sheria ya 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Siku 90 zinatosha mtu kumaliza ghorofa ya kwanza. Kwa hiyo wakati notisi inakwenda, barua za kuomba zuio la ujenzi ziendelee kwa halmashauri na kwa Mkuu wa Wilaya, na pale penye mto, mfereji au fukwe, NEMC, baraza la taifa la mazingira, nao waandikiwe.

Kuna udhaifu mmoja wa mwisho ambao hauhitaji fedha kuurekebisha. Wenyeviti wa mitaa walichaguliwa Novemba 2024 kwa miaka mitano, na kila uchaguzi unapopita mafaili mengi huondoka na mwenyekiti anayetoka, nyumbani kwake, kwenye mfuko wa rambo. Mihtasari, nakala zenye mihuri, namba za michoro, picha za bikoni. Wekeni nakala tatu: ofisi ya mtaa, kwa Mtendaji wa Kata, na kwa mkazi mmoja asiye kiongozi aliyechaguliwa na mkutano. Picha za kila ukurasa zihifadhiwe pia kwenye simu za watu wasiopungua watano. Siku ya makabidhiano, mwenyekiti mpya asaini orodha ya nyaraka alizopokea, kisha atembezwe kwenye mpaka wa eneo, bikoni moja baada ya nyingine, akiwa na ramani mkononi.